Kupamba Nyumba Mpya Lamu kwa Pesa Kidogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayehamia nyumba Lamu akiwa na pesa za kuhesabu, iwe ni nyumba ya kale ya mawe ndani ya mji au nyumba mpya ya mawe ya timbo, yaani ya kuchimbwa, na simiti kule mitaa ya Wiyoni au Kashmiri. Mengi yanafaa Malindi vilevile, maana chumvi ya bahari ni ileile. Bei hatukuandika kwa kuwa hupanda na kushuka. Tumeandika vipimo, idadi na sababu.

Nina shilingi 30,000 na nyumba ni tupu. Nianzie wapi?

Anzia ukutani, kisha mwanga, kisha pa kulala na pa kukaa. Vya kutundika vije mwisho. Wengi hufanya kinyume: wiki ya kwanza hununua zulia, mapazia ya kung'aa na maua ya plastiki, halafu masika yakiingia ukuta unatoka jasho, rangi inabanduka na zulia linanuka uvundo. Pesa imekwisha na nyumba imeharibika.

Ikiwa godoro na vyombo vya jikoni unavyo, mgawanyo unaofaa ni huu: 9,000 kuta, 4,000 taa, 8,000 viti vya chini na takia, 5,000 mikeka na mapazia, na 4,000 za uchukuzi na dharura. Hiyo ya mwisho usiiguse mapema. Kitu kinachotoka bara hupakiwa mashuani Mokowe, kikashushwa gatini, kikabebwa na punda au mkokoteni mpaka mlangoni, na kila mkono unaokigusa unalipwa. Kabati la rahisi kutoka Malindi huweza kufika kwako likiwa ghali kuliko lile la fundi wa mtaa wa pili.

Kabla ya kununua chochote, kaa humo wiki mbili na vitu ulivyo navyo. Angalia jua linaingilia dirisha lipi asubuhi, upepo unapita wapi, na mvua ikipigwa na upepo inafika mpaka wapi sakafuni. Vitu hivyo vitatu ndivyo vitakavyokuonyesha mahali pa kitanda na mahali pa mkeka.

Nipake chokaa au rangi ya maji?

Inategemea ukuta wenyewe. Mwagia ukuta kikombe cha maji. Yakifyonzwa na doa likawa jeusi, ukuta uko wazi na unakubali chokaa. Yakiteremka kama juu ya sahani, ukuta ulishapakwa rangi, na chokaa haitashika hapo. Itakauka vizuri kisha itaanguka vipande vipande.

Nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe iliyojengwa kwa chokaa inataka chokaa. Kuta zake ni nene, hufyonza unyevu na kuutoa tena, na chokaa inauacha upite. Rangi ya mafuta juu ya ukuta kama huo ni kosa kubwa: unyevu unakosa njia, unaisukuma rangi, na baada ya msimu mmoja utaona malengelenge kuanzia chini kwenda juu. Nyumba ya simiti ambayo tayari ina rangi, endelea na rangi ya maji isiyong'aa.

Kuhusu kiasi, chukua chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7. Mzunguko wake ni mita 13, mara 2.7 unapata mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwa hiyo mikono miwili inataka kama lita sita na nusu. Nunua makopo mawili ya lita 4. Kitakachobaki kifunge vizuri kwa ajili ya kuziba madoa baadaye.

Chokaa inachanganywaje ili isichafue nguo?

Kwa chumba cha ukubwa huo, mikono mitatu, tumia kilo 5 za chokaa ya unga na lita 12 hivi za maji safi ya mvua au ya bomba. Maji ya kisima chenye chumvi usiyatumie.

Tia maji kwanza kwenye ndoo, kisha nyunyizia chokaa huku ukikoroga. Ukifanya kinyume yatatokea madonge. Funika, iache ilale usiku mzima. Asubuhi ikoroge tena na uichuje kwa kitambaa cha marikani au chandarua kikuukuu. Uzito unaotakiwa ni wa maziwa, si wa uji. Mtu akiiona nyepesi hivyo huogopa na kuongeza chokaa, na hapo ndipo kazi inapoharibika: mkono mzito hupasuka nyufa ndogondogo na kugeuka unga.

Siku ya kupaka, fagia ukuta, kisha unyunyizie maji hadi uwe na unyevu bila kutiririka. Hili ndilo jambo ambalo mafundi wa haraka huliruka. Ukuta mkavu hunyonya maji ya chokaa papo hapo, na chokaa bila unyevu haishikani. Hubaki unga unaohamia kanzuni kila ukiegemea. Paka kwa brashi pana, kwa kupitisha huku na huku. Ikiwa mbichi itaonekana kama maji machafu na ukuta wa chini utaonekana. Usirudie. Inakuwa nyeupe inapokauka. Subiri siku nzima, nyunyizia tena kidogo, paka mkono wa pili, halafu wa tatu. Funga madirisha ya upande wa jua mchana.

Wapo wanaotia chumvi ya jikoni ili chokaa ishike. Lamu tunashauri usitie. Chumvi huvuta unyevu hewani, na ukuta wa pwani tayari una chumvi ya kutosha.

Chokaa huunguza. Vaa glavu na miwani, hasa unapopaka dari. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 bila kukatiza, kisha nenda hospitali, hata kama maumivu yamepoa.

Naweza kuipa chokaa rangi?

Ndiyo, kwa oksaidi ya unga, ileile inayotiwa kwenye sakafu ya simiti. Kwa kilo 5 za chokaa, gramu 100 hadi 150 za oksaidi ya manjano hutoa rangi ya mchanga iliyotulia. Usipite gramu 500, kwa sababu unga ukizidi chokaa haitaweza kuushika. Koroga oksaidi pembeni kwa maji ya uvuguvugu, ichuje, ndipo uimimine ndooni.

Changanya ya mikono yote kwa siku moja, kwenye chombo kimoja. Ukichanganya mara mbili rangi hazitafanana kamwe. Paka kwanza kipande cha sentimita 30 nyuma ya mlango na usubiri kikauke hadi kesho yake. Ikiwa mbichi, rangi huonekana nzito zaidi kuliko itakavyokuwa.

Chini ya ukuta kuna unga mweupe na rangi inabanduka. Ni nini, na nifanyeje?

Ni chumvi. Ama mchanga wa pwani ulitumika kujengea, ama unyevu unapanda kutoka ardhini. Maji huiyeyusha chumvi ndani ya ukuta, yakifika nje yanakauka, na chumvi inaganda na kutanuka. Ikigandia nyuma ya rangi, huisukuma.

Watu wengi huosha sehemu hiyo kwa maji. Unaonekana umesafika, lakini chumvi imeyeyuka tu na kurudi ndani, nayo itatoka tena. Ifagie ikiwa kavu, kwa brashi ngumu, wakati wa kaskazi ambapo hewa ni kavu. Tandika gazeti chini, kusanya unga wote na uutupe nje ya nyumba. Rudia kila wiki hadi utakapoona unga unapungua. Kwangua rangi yote iliyolegea, hata ile ambayo bado imeshika ukingoni.

Plasta iliyokufa, yaani ile inayotoa sauti ya utupu ukiigonga kwa kifundo cha kidole, iondoe na uzibe kwa chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa bara uliochekechwa, si wa ufukweni. Usizibe kwa simiti. Simiti ni ngumu kuliko mawe ya matumbawe na haipitishi unyevu, kwa hiyo chumvi huhamia pembeni mwa kiraka na kuanza kula sehemu iliyokuwa nzima. Ukipita Lamu utaona viraka vya kijivu vilivyozungukwa na plasta inayomomonyoka. Chanzo huwa ni hicho.

Kujua kama unyevu unatoka ukutani au hewani, bandika karatasi ya plastiki ya sentimita 50 kwa 50, uzibe kingo zote nne kwa utepe, na uiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumba, tatizo ni hewa isiyozunguka: fungua madirisha na usogeze kabati sentimita 10 kutoka ukutani.

Karatasi za ukutani zenye gundi je? Zinauzwa rahisi na zinaficha kila kitu.

Zinaficha, na hapo ndipo hasara ilipo. Ni plastiki, hazipitishi unyevu. Nyuma yake huota ukungu mweusi, pembe zinaanza kujikunja masika ya kwanza, na ukizivuta zinatoka na plasta. Kwenye ukuta wa simiti mkavu, ndani ya nyumba yenye hewa nzuri, kipande kidogo nyuma ya rafu hakina ubaya. Kwenye ukuta wa matumbawe, usithubutu.

Unapotaka kuficha sehemu mbaya, tundika mkeka. Funga vipande viwili vya mbao nyembamba ukutani, ning'iniza mkeka juu yake ili nyuma ibaki nafasi ya sentimita 2 au 3, na hewa itapita.

Nyumba yangu ya kale ina zidaka. Niweke nini humo?

Vichache. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilichongwa katika plasta ili zenyewe ziwe pambo, na kwa desturi zilipangwa vyombo vya kauri vilivyotoka ng'ambo. Ukiwa navyo zidaka umeshaokoa pesa za rafu, fremu na kabati la vyombo.

Kwanza zisafishe kwa brashi laini kavu. Usizikwangue na usizipake mikono mizito ya chokaa, maana kila mkono hujaza nakshi kidogo. Ndiyo sababu kuna zidaka ambazo michoro yake imezibika kabisa. Mkono mmoja mwepesi unatosha. Kisha acha kama theluthi moja zikiwa tupu. Panga bakuli mbili tatu nyeupe, mtungi mdogo, kitabu, chetezo. Vyombo vinavyofanana rangi hutuliza macho, hasa kwa kuwa zidaka huwa nyingi pamoja. Sahani moja ya samawati kati ya nyeupe huonekana kutoka mlangoni; sahani kumi za rangi kumi hakuna inayoonekana.

Kuhusu giza: vyumba hivi ni virefu na vyembamba, kwa sababu urefu wa boriti huruhusu upana wa kama mita 2.5 hadi 3 tu, na kadiri unavyoingia kutoka kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, hadi msana, chumba kirefu kinachofuata ua, na ndani, chumba cha nyuma yake, ndivyo mwanga unavyopungua. Weka kioo kwenye ukuta unaotazamana na mlango wa kiwanda, si kando yake, na uweke rangi nzito vyumba vya mbele. Ndani pabaki peupe.

Nitatundikaje kitu bila kupasua ukuta?

Kwenye ukuta wa matumbawe usipige msumari wa chuma. Plasta ya chokaa ni laini na nene. Msumari huipasua, kisha kutu yake hutoka kama mchirizi wa hudhurungi. Plagi za plastiki nazo hazishiki hapo, kwa kuwa zinakaa ndani ya plasta bila kufika kwenye jiwe.

Tumia kigingi. Toboa kwa drili ya milimita 12, kina sentimita 7 hadi 8, bila kuwasha mpigo wa nyundo. Chonga kigingi cha mti mkavu, mkoko au mwarobaini, kinene kidogo kuliko tundu, ukiingize kwa nyundo polepole mpaka kiwe sawa na ukuta, halafu fungia skrubu ya shaba. Kigingi kibichi hakifai: kikikauka kitanywea na kutoka chenyewe.

Kwenye mawe ya timbo yaliyopigwa lipu ya simiti, drili ya milimita 8 na plagi ya milimita 8 zinatosha. Rafu ya ubao wa upana wa sentimita 20 na unene wa 2.5 iwekee mhimili kila sentimita 80, la sivyo itapinda katikati. Na tumia pima maji. Macho hudanganywa na dari za boriti, ambazo mara nyingi haziko sawa.

Siwezi kununua makochi. Watu watakaa wapi?

Chini, au karibu na chini, kama ilivyo desturi. Kiti cha urefu wote wa ukuta ni cha bei nafuu kuliko kochi moja na hukalisha watu wanne. Mwambie seremala akupigie fremu ya ubao yenye kimo cha sentimita 25, weka juu yake sponji ya sentimita 75 kwa 190, unene 10, na unapata kimo cha 35. Mzee mwenye magoti mabaya atataka 40, muulize kabla.

Kitambaa cha kufunikia hapa ndipo watu hununua mara mbili ya wanachohitaji. Chukua kitambaa cha upana wa sentimita 150, mita 2 tu. Kata kipande cha juu sentimita 79 kwa 194, pamoja na sentimita 4 za mshono. Kipande kitakachobaki ubavuni kina upana wa 71: kata humo vipande viwili vya sentimita 14 kwa 194 na viwili vya 14 kwa 79, hizo ni mbavu zote nne. Upande wa chini, usioonekana, tumia mita 2 za marikani. Ufue marikani kabla ya kuukata, kwa sababu hunywea. Mshono mmoja mrefu wa nyuma uache wazi na utie vifungo au zipu ya plastiki. Zipu ya chuma itashika kutu kabla ya mwaka.

Takia za kuegemea jaza sufi ukiipata. Takia ya sentimita 45 kwa 45 inataka kama nusu kilo. Sufi haishiki joto, na ikilala unaianika juani nusu siku inafura tena. Sponji ya vipande vipande ni rahisi zaidi lakini hufanya madonge na kunuka. Tia sufi kwanza kwenye mfuko wa marikani uliosukwa vizuri, ndipo uvalishe foronya, la sivyo itatoka kwenye kila mshono.

Mikeka ipi ninunue, na nitaitunzaje?

Nunua ile iliyosukwa hapa. Matondoni na Siyu wanawake husuka mikeka ya miyaa, na ukienda kwa msukaji mwenyewe unaweza kuagiza kipimo chako. Pima sakafu, kisha toa sentimita 20 kila upande. Mkeka unaogusa ukuta hunyonya unyevu wake.

Mkeka hutengenezwa kwa ukili, yaani mikanda iliyosukwa ikashonwa pamoja. Ufunue wote dukani. Vuta ukili miwili kwa vidole: mshono ukifunguka na kuonyesha mwanga, uache. Nusa, harufu ya ukungu haitoki. Sugua rangi kwa kitambaa chenye maji. Ikitoka nyingi, itapakaa sakafuni na miguuni.

Sakafu ikiwa ya baridi na yenye unyevu, tandika jamvi chini kisha mkeka juu. Fagia kwa ufagio laini ukifuata njia ya msuko. Wakati wa masika, Aprili hadi Juni, uinue kila wiki, uuanike kivulini penye upepo upande wa chini ukiwa juu. Jua kali la saa nyingi huukausha mpaka ukavunjika. Kuukunja ni kuuvunja; uuviringishe.

Zulia la dukani? Katika chumba cha juu kikavu, sawa. Chumba cha chini, hapana.

Leso zinafaa kuwa mapazia?

Zinafaa sana. Jozi moja, yaani leso mbili, inatosha dirisha la mita 1.2: leso moja kila upande. Leso ina kama mita 1.5 kwa 1.1, kwa hiyo ukiitundika kwa urefu unapata pazia la mita 1.5 lenye mikunjo ya kutosha, lakini jina la leso litasimama wima. Kama unataka maneno yasomeke, itundike kwa mlalo na uongezee chini pindo la kitambaa cha rangi moja.

Zifue peke yake mara mbili kabla ya kushona, rangi ya ziada itoke. Upande wa jua, shonea marikani nyuma. Bila hiyo nyekundu hupauka kuwa waridi ndani ya miezi michache. Fimbo iwe ya mbao au mwanzi. Pete na ndoano za chuma zitaweka alama za kutu juu ya kitambaa.

Mapazia ya mtumba nayo ni bidhaa nzuri, hasa ya pamba nzito. Chukua kipimo cha dirisha ukiwa umekiandika, na uhesabu upana wa kitambaa uwe mara mbili ya fimbo. Kitambaa kizito kisichopitisha upepo usikiweke dirisha la upande wa kusi, yaani upepo wa kusini, utajinyima hewa miezi mingi.

Taa gani zinaleta uzuri bila gharama ya umeme?

Balbu za LED za mwanga wa joto, zilizoandikwa Kelvini 2,700 au 3,000. Zile za 6,500 zina mwanga wa buluu unaofanya chokaa ionekane kama ukuta wa zahanati. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kuta nyeupe kinatosheka na balbu mbili za wati 5 au 6 zilizowekwa chini, pembeni, badala ya moja kubwa katikati ya dari.

Kifuniko kizuri cha taa ni kikapu kilichosukwa kwa uwazi, au uteo mdogo ulioegemezwa mbele ya balbu. Acha sentimita 10 kati ya balbu na usuki, na usiweke kamwe balbu ya zamani ya waya humo, kwa kuwa inapata moto wa kuwasha ukindu. Usiku vivuli vya msuko vitaenea dari nzima, na hakuna pambo la dukani linalofikia hapo.

Fanicha kuukuu: nitajuaje kama ina bungua?

Igonge na uangalie sakafuni. Vijitundu vya milimita moja mbili vyenye unga mpya, laini kama poda, maana yake wadudu wamo ndani. Vijitundu vikuukuu visivyo na unga havina shida. Mbao za mwembe, ambazo ni za bei nafuu, ndizo zinazobunguliwa upesi. Mwarobaini wadudu huukimbia, na mbambakofi unadumu lakini ni mzito na ghali.

Kama kipande ni kizuri na unga ni kidogo, kitoe nje, kipigwe dawa ya wadudu wa mbao ndani ya kila tundu kwa sindano, kifungwe kwa plastiki siku kadhaa, kisha kipakwe mafuta ya kitani mikono miwili. Kamwe usikiingize ndani kwanza. Boriti za dari yako ni mikoko na huvumilia, lakini milango na makasha yako huenda si hivyo.

Mafuta ya sifa, yaani ya papa, ya kupakia vyombo vya baharini usiyatumie ndani ya nyumba. Harufu yake haitoki.

Kitanda cha kamba kikuukuu ni ununuzi mzuri kuliko vyote ikiwa matendegu ni mazima. Kamba ikilegea inakazwa, ikikatika inafumwa upya, na mafundi wapo.

Boriti za dari nizipake rangi?

Ziache. Zisugue kwa kitambaa kikavu tu. Angalia ncha zinapoingia ukutani: bonyeza kwa bisibisi, ikizama kwa urahisi mti umeoza, na hiyo ni kazi ya fundi kabla ya pambo lolote. Chandarua kifunge kwenye boriti kwa kamba ya kuzungushia, bila msumari. Chandarua cheupe cha pembe nne juu ya kitanda kinapamba chumba kizima.

Ukihitaji fito au boriti mpya, uliza muuzaji kibali, kwa sababu ukataji wa mikoko unasimamiwa kisheria.

Ni lazima niombe ruhusa kupamba nyumba ya Mji Mkongwe?

Mikeka, taa na mapazia, hapana. Lakini Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kubomoa ukuta, kubadilisha mlango wa nje, kufungua dirisha au kujenga juu ya dari, pita kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo mjini. Milango ya kuchonga usiipake rangi ya mafuta.

Nyumba ni ya kupanga. Niwekeze kiasi gani?

Weka pesa katika vinavyohamishika: viti vya chini, mikeka, taa, mapazia. Chokaa muombe mwenye nyumba akate kwenye kodi. Wengi hukubali ukijitolea kufanya kazi mwenyewe, na mkubaliane kwa maandishi. Piga picha za kuta kabla ya kuanza.

Vioo na chuma vinaharibika haraka. Nifanye nini?

Kioo huanza kuwa cheusi pembeni kwa sababu chumvi inaingia nyuma. Kitundike kikiwa na nafasi ya nusu sentimita kutoka ukutani, na usipulizie maji moja kwa moja, lowesha kitambaa. Chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla hakijaanza, si baada.

Makombe na matumbawe kama mapambo?

Gamba la kasa ni marufuku kuuza na kununua. Matumbawe na makombe mazima yaache baharini. Vipande vya miti mikavu vilivyoletwa na mawimbi ufukweni vinatosha. Viloweke maji baridi siku tatu ukibadilisha kila siku, chumvi itoke, vikauke wiki moja kivulini.

Nipime nini kabla ya kununua fanicha kubwa?

Mlango wako wa nje, ubao mmoja ukiwa wazi na mbao zote mbili zikiwa wazi. Kizingiti cha chini na cha juu. Upana wa ngazi na kona yake. Na kichochoro chembamba zaidi kati ya gati na nyumba. Kitanda na kabati agiza vya kufunguka, kwa skrubu badala ya gundi, na vipande visizidi anavyoweza kubeba punda mmoja au hamali wawili. Andika vipimo hivyo kwenye karatasi moja na umpe seremala kabla hajakata ubao wa kwanza.